KANSERE YA DAMU NA UBOHO WA NDUGU



Siku ya kliniki tunapima watoto kilo, tunatoa chanjo, tunaandika kwenye kadi. Kisha, wamama wanapongojea zamu yao kwenye benchi, maswali yanatoka. Kuna swali moja ambalo siku hizi ninalisikia mara kwa mara: "Madamu, tumesikia kule inje wanabadilisha mafuta ya mifupa, mutu wa kansere ya damu anapona. Ni kweli ao ni habari ya bure?" Ni kweli. Lakini si kwa kila mgonjwa, wala si kwa kila wakati, na kazi yenyewe inaweza kuua. Mama asiyejua mambo hayo anaweza kuuza shamba bure, ao anaweza kukata tamaa mapema. Ndiyo sababu nimeandika karatasi hii. Ni ndefu kuliko zile za kuhara na za malaria. Soma polepole, na kama macho yamechoka, mtoto wa shule akusomee.

Damu inatengenezwa wapi?

Ukivunja mfupa wa mbuzi kutoka chunguni, ndani unaona kitu laini chenye mafuta ambacho watoto wanapenda kunyonya. Hicho ni uboho. Kwa mtu aliye hai, uboho ni shamba la damu. Kwa mtoto mdogo karibu kila mfupa una shamba hilo. Kwa mtu mzima linabaki sana sana katika nyonga, mbavu, kifua na uti wa mgongo.

Ndani ya shamba hilo kuna chembe chache, ndogo sana, ambazo nitaziita chembe-mama. Vitabu vya shule vinasema seli shina. Chembe-mama hazichoki kuzaa. Zinazaa watoto wa namna tatu. Wa kwanza ni chembe nyekundu, zinazobeba hewa kutoka mapafu na kuipeleka mwilini mwote. Kila moja inaishi karibu siku 120, kisha inakufa na nyingine inachukua nafasi yake. Wa pili ni chembe nyeupe, askari wanaopigana na magonjwa. Wa tatu ni visahani, vile vidogo vinavyoziba mahali palipopasuka ili damu isimwagike. Hivyo havipiti siku 10 hivi. Kwa hiyo shamba haliwezi kupumzika hata wiki moja.

Leukemia ni nini? Ni kansere inayoanza ndani ya shamba hilo. Chembe moja ya askari kijana inaharibika, haikui tena kuwa askari kamili, haijui kupigana, lakini inajua kuzaa. Inazaa, na watoto wake wanazaa, mpaka wanajaa kama magugu katika shamba la maharagi. Maharagi yenyewe yanakosa nafasi. Mgonjwa wa leukemia ana askari wengi wa bure, lakini anakosa askari wa kweli, anakosa chembe nyekundu, anakosa visahani.

Kuna aina nyingi. Ile ninayoeleza hapa inaitwa leukemia kali ya mieloidi. "Kali" maana yake inakwenda haraka: si ugonjwa wa miaka, ni wa majuma na miezi. Wakubwa wanaipata kuliko watoto, na mtu akizeeka hatari inaongezeka. Lakini watoto nao wanaipata. Katika watoto 5 wenye leukemia, mmoja hivi ana aina hii. Wengi wa wale wengine wana ile ya limfoidi, ambayo dawa zake ni nyingine na matumaini yake ni makubwa zaidi. Njo maana haitoshi kusema "ana kansere ya damu". Uliza: aina gani?

Inatoka wapi? Mara nyingi munganga hawezi kuonyesha sababu. Ni kosa linalotokea ndani ya chembe wakati inajigawanya. Watu wachache wameipata kisha kufanya kazi miaka mingi na benzini ya viwandani, ao kisha kutibiwa kansere nyingine kwa dawa kali ao kwa miali. Watoto wenye ugonjwa wa Down wanaipata kuliko wengine. Basi. Haitoki katika maziwa ya mama. Haitoki kwa jicho la jirani wala kwa mke mwenza. Haiambukizi: mtoto huyo anaweza kulala na wenzake na kula sahani moja nao. Nimeona wamama wanaosumbuliwa na ukoo wa bwana juu ya ugonjwa wa namna hii, na ninasema wazi: huo ni uonevu.

Namna ya kuitambua

Ugumu ni kwamba inafanana na magonjwa tunayoyazoea. Mtoto ana homa, amepauka, amechoka: unafikiri malaria. Anapewa dawa ya malaria. Homa inarudi. Anatiliwa damu, anapata rangi, kisha wiki mbili ao tatu rangi inapotea tena. Mifupa inamuuma: watu wanasema ni SS. Inaweza kuwa malaria kweli, inaweza kuwa SS kweli, na hayo ni mengi zaidi kuliko leukemia. Lakini mtoto anayepauka tena na tena, na juu ya hayo anatoka damu kwenye fizi ao puani, ana madoa ya rangi ya zambarau kwenye ngozi bila kupigwa, fizi zimevimba, ao vidonda vya kinywa havikauki, huyo aletwe haraka.

Kuna alama moja ambayo wanganga wa Uganda waliiandika mwaka 1965: watoto waliokuja na jicho limetokeza inje, na ndani yake kulikuwa uvimbe wa leukemia hiyo ya mieloidi. Jicho likianza kutokeza, usingoje.

Laboratwari inachukua damu kidogo, inahesabu chembe, inatazama kwa mikroskopi. Kama inaona chembe changa zilizoharibika, munganga anaomba kipimo cha uboho wenyewe. Wanachoma shindano kwenye mfupa wa nyonga, wanavuta matone machache. Wamama wengi wanakataa kipimo hiki kwa sababu wanasikia "mtoto atakauka uboho". Hapana. Kinachovutwa ni kama kijiko kimoja cha chai, na shamba linakijaza tena lenyewe. Mahali pa shindano panawekwa dawa ya ganzi. Bila kipimo hicho hakuna anayejua aina, na bila kujua aina, dawa inatolewa gizani.

Dawa kwanza

Mapandikizo ya uboho si kitu cha kwanza. Kwanza ni dawa za kuua magugu. Tangu mwaka 1973 wanganga wanatumia mpango ambao hata leo haujaachwa: dawa moja, sitarabini, inaingia kwenye mshipa siku 7, na nyingine, daunorubisini, siku 3. Dawa hizo haziwezi kuchagua vizuri. Zinaua magugu, lakini zinaua maharagi pia. Kwa majuma matatu ao manne mgonjwa hana askari kabisa. Homa ndogo inaweza kumuua kwa siku moja. Anahitaji antibiotiki za nguvu, damu, visahani, na wauguzi wanaonawa mikono kila mara. Watu wanafikiri kansere inatibiwa na dawa ya kansere tu. Mimi ninayefundisha wauguzi ninawaambia: nusu ya matibabu haya ni damu, maji safi na mikono safi. Hospitali isiyo na hayo, ikitoa dawa hizo, inaweza kuua mbele ya ugonjwa kuua.

Dawa zikifanya kazi, laboratwari haioni magugu tena, na damu nzuri inarudi. Wanganga wanasema ugonjwa umelala. Katika nchi zenye vyombo vyote, watoto 9 katika 10 wanafikia hapo. Kwa wakubwa wasiofika miaka 60, ni 6 mpaka 8 katika 10. Nyumbani wanafurahi, wanachinja kuku. Lakini kulala si kufa. Mizizi midogo imebaki ndani, na bila dawa zaidi ugonjwa unaamka karibu kila mara. Basi dawa zinarudiwa mara mbili, tatu. Na hapo ndipo swali la mapandikizo linakuja.

Kupandikiza uboho ni kufanya nini?

Wengi wanafikiri ni kupasua mifupa na kuweka mafuta mapya. Hakuna kisu. Mgonjwa anapewa dawa kali sana kwa siku kadhaa, pengine na miali, mpaka shamba lake lote linasafishwa, magugu na maharagi pamoja. Kisha chembe-mama za mtu mwingine zinaingia kwenye mshipa kwa mpira, sawa na mtu anayetiliwa damu. Chembe-mama zenyewe zinatafuta njia ya kwenda ndani ya mifupa, hakuna anayeziongoza. Zinashika kama mbegu. Majuma mawili mpaka manne mgonjwa anangoja katika chumba cha peke yake, hana askari hata mmoja, mpaka siku laboratwari inaona chembe mpya.

Jambo moja linawashangaza wanafunzi wangu kila mwaka. Damu mpya ni ya yule aliyetoa. Kama mgonjwa alikuwa A na dada yake ni O, kisha miezi kadhaa mgonjwa anakuwa O. Na kijana aliyepewa uboho wa dada yake, damu yake ikipimwa inaonekana ni damu ya mwanamke. Yeye mwenyewe anabaki kijana, na watoto wake watakuwa wake.

Lakini sababu kubwa ya kazi hii si kupata shamba jipya tu. Askari wapya wanatazama huku na huku, wanaona chembe za leukemia zilizobaki, wanaona ni za kigeni, wanaziua. Askari wa mgonjwa mwenyewe walizizoea, waliziacha. Tunajua hivyo kwa sababu ya mapacha. Pacha wa kufanana kabisa akitoa uboho, mwili unaupokea bila ugomvi wowote, na mtu angesema huyo ni mtoaji bora kuliko wote. Kumbe ugonjwa unaamka mara nyingi zaidi! Askari wa pacha nao wanaona leukemia kama ndugu.

Ugomvi huo una upande mbaya. Askari wageni wanaweza kupiga pia ngozi ya mgonjwa, tumbo lake, ini lake. Ngozi inawasha na kubanduka, anahara maji mengi, macho yanageuka manjano. Katika wagonjwa 10, 3 mpaka 5 wanaona ugomvi huo katika miezi ya kwanza, wengine kidogo tu, wengine vikali. Kwa wengine unakuja polepole na kukaa miaka: macho makavu, kinywa kikavu, viungo vigumu, pumzi fupi. Kwa hiyo anapewa dawa za kuwatuliza askari, na akipewa nyingi mno, magonjwa mengine yanaingia. Munganga anatembea juu ya daraja la kamba.

Nani anaweza kutoa?

Si kila ndugu. Na hapa hatuangalii A, B na O. Chembe zetu zina alama nyingine juu yake, ambazo Mfaransa Jean Dausset alianza kuzivumbua huko Paris mwaka 1958, akapewa zawadi ya Nobel mwaka 1980. Fikiri shanga. Baba ana shanga mbili, nyekundu na nyeusi. Mama ana mbili, nyeupe na ya kijani. Kila mtoto anapokea moja ya baba na moja ya mama. Basi kuna namna nne za watoto, na ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wanafanana sawasawa mara 1 katika 4. Mgonjwa mwenye ndugu 5 ana nafasi kama 3 katika 4 ya kupata mmoja anayemfaa. Kwa jambo hili jamaa zetu kubwa zina heri kuliko Wazungu wenye mtoto mmoja. Lakini wawe wa baba mmoja na mama mmoja kweli. Watoto wa mama mwingine hawahesabiwi hapa, na mama anayejua siri juu ya jambo hili aizungumze na munganga peke yake. Munganga hatatangaza.

Kama hakuna ndugu, kuna watu zaidi ya milioni 40 duniani walioandika majina yao ili watoe kwa mtu wasiyemjua. Lakini wengi wao ni wa asili ya Ulaya. Hesabu iliyofanywa Marekani mwaka 2014 ilionyesha kwamba mgonjwa wa asili ya Ulaya anapata anayelingana kabisa mara 75 katika 100. Mwafrika, mara 18 tu. Alama za Waafrika ni za namna nyingi zaidi, na Waafrika walioandikwa ni wachache.

Na wewe mama? Kwa muda mrefu tulisema mama hafai, kwa sababu ana shanga moja tu ya mtoto wake, nyingine ni ya baba. Siku hizi jibu limebadilika. Tangu miaka ya 2000 wanganga wa Baltimore, Marekani, walionyesha kwamba dawa ya siklofosfamidi ikitolewa siku ya 3 na ya 4 kisha mapandikizo, inawapunguza wale askari wagomvi. Kwa hiyo mama, baba, ao ndugu wa nusu shanga anaweza kutoa.

Mtoaji haharibiki. Analazwa usingizi, wanavuta uboho kwenye nyonga kwa mashindano. Nyonga inauma siku kadhaa, na katika majuma machache uboho umejaa tena. Ao anachomwa shindano siku 4 ao 5 ili chembe-mama zitoke mifupani na kuingia katika damu, kisha mashini inazichuja kutoka mkononi. Haondolewi nguvu za uzazi. Haondolewi miaka.

Wangapi wanapona?

Hapa sitaki kukupaka sukari mdomoni. Mwaka 1957 Mmarekani Edward Donnall Thomas aliandika juu ya wagonjwa 6 wa kwanza aliowatilia uboho wa wengine. Hakuna aliyepita siku 100. Alitukanwa na wenzake, hata hivyo hakuacha. Mke wake Dottie alifanya kazi naye katika laboratwari miaka yote. Mwaka 1977, huko Seattle, walitoa hesabu ya wagonjwa 100 wa leukemia kali ambao dawa zilikuwa zimewashinda. Waliobaki hai walikuwa 13. Ni wachache, lakini hao 13 wangekuwa wote wamekufa. Kisha wakajiuliza: tunangoja nini mpaka mtu amekwisha? Walipoanza kupandikiza wakati ugonjwa umelala kwa mara ya kwanza, mwaka 1979 waliandika kwamba zaidi ya nusu walikuwa hai. Thomas alipewa zawadi ya Nobel mwaka 1990.

Mambo hayo yanabaki mpaka leo: wakati ni kila kitu. Mgonjwa aliyepandikizwa ugonjwa ukiwa umelala ana nafasi karibu nusu ao zaidi ya kuishi miaka mingi. Aliyepandikizwa ugonjwa ukiwa macho, 2 hivi katika 10. Njo maana safari inayoanza kisha dawa zote kushindwa, na pesa ya ukoo mzima imechangwa kwa machozi, mara nyingi inarudi na jeneza.

Tena si kila aina inahitaji mapandikizo. Mwaka 2009 wanganga walijumlisha majaribio 24 yenye wagonjwa zaidi ya 6000. Wale ambao leukemia yao ina alama nzuri ndani ya chembe hawakupata faida ya kupandikizwa mara ya kwanza. Dawa peke yake ziliwatosha vilevile. Wale wenye alama mbaya, na wale wa katikati, walifaidika. Kuna hata aina moja, inayotoa damu kwa ukali sana na kuua katika siku chache, ambayo leo inatibiwa kwa dawa ya ukoo wa vitamini A, iliyoanza kujulikana kwa kazi ya wanganga wa Shanghai katika miaka ya 1980, pamoja na arseniki. Wagonjwa kama 9 katika 10 wanaowahi kutibiwa wanapona, bila uboho wa mtu yeyote. (Lakini kile kidonge cha vitamini A tunachompa mtoto kliniki si dawa hiyo! Usimpe mara nyingi kuliko tunavyoandika, kitamdhuru.)

Kwa ujumla, katika nchi zenye kila kitu, watoto 6 ao 7 katika 10 wenye leukemia kali ya mieloidi wako hai kisha miaka 5. Wakubwa wasiofika miaka 60, 4 hivi katika 10. Wazee, 1 katika 10 ao zaidi kidogo. Katika hesabu hizo wamo waliopandikizwa na wasiopandikizwa. Mapandikizo yenyewe zamani yaliua 2 ao 3 katika 10. Siku hizi, kwa ndugu anayefanana, ni 1 ao 2. Wengine wanavumilia yote hayo na bado ugonjwa unaamka, na huo ndio unaoua wengi.

Na anayepona? Anarudi shuleni, anarudi kazini. Lakini zile dawa kali na miali mara nyingi zinaua mayai ya msichana na mbegu za kijana. Wengi hawatazaa. Mtoto anaweza kubaki mfupi. Ninajua neno hili linachoma katika nchi yetu, ambapo mwanamke anahesabiwa kwa watoto. Afadhali lisemwe mbele ya dawa, si binti akiwa amekwisha kuolewa.

Hapa kwetu

Hospitali ya misioni kama hii haifanyi mapandikizo. Yanataka vyumba, mashini, damu ya kila siku na maelfu mengi ya dola. Afrika ya Kusini wanayafanya tangu miaka mingi, na nchi za kaskazini kama Misri na Tunisia. Dodoma, Tanzania, walianza mwaka 2023 kwa watoto wa sikoseli, ile tunayoiita SS. Wakongomani wengi wenye uwezo wanakwenda India. Kwa kutibiwa kansere kwa dawa, wagonjwa wa mashariki yetu wanaweza kupelekwa Kampala, ambako taasisi ya kansere inafanya kazi tangu 1967, ao Butaro, Rwanda, tangu 2012.

Mbele ya kuuza kitu chochote, keti na munganga, wewe na baba ya mtoto, mumuulize: ni aina gani? Alama zake ni nzuri ao mbaya? Ugonjwa umelala ao uko macho? Kuna ndugu aliyepimwa? Nani atalipa miezi ya kisha mapandikizo, si tiketi ya ndege tu? Mgonjwa anakaa karibu na hospitali hiyo siku 100 kwa uchache, na dawa zinaendelea miezi mingi. Kama munganga anasema safari haitaleta kitu, jibu hilo nalo ni kazi yake. Mtoto huyo bado ana haki ya kutiliwa damu ili apumue, ya dawa ya kweli ya maumivu, morfini ikihitajika, na ya kulala karibu na mama yake.

Wakati unangoja, kuna makosa ya nyumbani yanayoua upesi kuliko leukemia. Usimtie lavema: matumbo yake hayana askari wala visahani, anaweza kutoka damu ndani ao kuoza damu. Asichanjwe kwa wembe na mtu yeyote. Asipewe aspirini. Asichomwe shindano la matako kwa mchuuzi wa dawa, wala asing'olewe jino sokoni. Kama mnamwombea, mwombeeni karibu na kitanda cha hospitali, na msimfungishe chakula. Homa ikipanda, hata usiku, mlete usiku huo, usingoje jogoo. Maji yachemshwe, chakula kiwe cha moto. Na wajomba wanaouliza "tusaidie nini?" waje watoe damu. Mgonjwa mmoja anaweza kumaliza damu ya watu wengi, na damu haitengenezwi viwandani.

Mama mwenye mtoto anayetazamiwa kusafiri, lete kadi ya mtoto, na pamoja nayo karatasi yenye majina ya ndugu zake wote wa baba mmoja na mama mmoja, umri wa kila mmoja, na ugonjwa kila mmoja aliowahi kuugua, hata homa ya manjano ya macho. Tunaanzia hapo.

Na wewe ambaye wako amekwisha kurudi akiwa amepandikizwa, usishangae ukimwona muuguzi anafungua kadi mpya. Askari wa zamani wamekwenda pamoja na yote waliyojifunza. Mtoto wa miaka 9 anaanza tena chanjo kama kitoto kichanga: ya pepopunda, ya kifaduro, ya polio ya shindano. Ile ya surua ni hai, kwa hiyo anaingoja mpaka miaka 2 kisha mapandikizo, na munganga aseme kwanza kwamba askari wapya wamekomaa. Mpaka siku hiyo, wenzake wote wa nyumbani wawe wamechanjwa.